Mashine Iwe ya Mwisho

Mazungumzo ya leo yanakwenda Dilala, moja ya komini mbili za mji wa Kolwezi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ya pili ni Manika. Jambo lenyewe kwa sura ni dogo: mtu anataka kufungua mkahawa wa kahawa. Hafungui hoteli wala nganda ya bia, na hana kampuni kubwa ya kumkopesha jina. Anataka chumba kimoja chenye meza chache, kahawa inayoeleweka, na yeye mwenyewe amesimama nyuma ya kaunta. Wenye ndoto ya namna hii, ukiwauliza wamefika wapi, wengi watakutolea simu wakuonyeshe picha ya mashine ya espreso ya Kiitaliano, inayong'aa, bei yake imeandikwa kwa dola chini ya picha.

Hapo ndipo safari inapoanza kupotea. Kwa Dilala, mashine inafaa kuwa kitu cha mwisho kununuliwa. Kabla yake kuna umeme, maji, buni, wateja na makaratasi, na kila kimoja kina tabia zake katika nchi hii ya shaba.

Tuanze na umeme. Mwaka 1982 ulikamilika mstari mkubwa wa umeme kutoka bwawa la Inga, kule mto Kongo unakokaribia bahari ya Atlantiki, mpaka Kolwezi. Ni kilomita 1,700 hivi za nyaya zilizopita juu ya vijiji ambavyo havikuambulia hata taa moja, kwa sababu mstari uliletwa kwa ajili ya migodi. Karibu zaidi, juu ya mto Lualaba, yapo mabwawa ya Nzilo na Nseke, yaliyojengwa miaka ya 1950 wakati wa kampuni ya migodi ya Union Minière: la kwanza megawati 108, la pili megawati 248. Mtu akitazama ramani atasema Kolwezi haiwezi kukosa umeme. Akiishi humo mwezi mmoja atasema mengine. Migodi inakula kwanza, mitaa inagawana kilichobaki, na transfoma ya mtaa ikiungua, watu hukaa gizani hadi fedha za kuitengeneza zipatikane.

Sasa, mashine ya espreso yenye vichwa viwili inataka wati 3,000 hadi 4,000, na nyingine hupita hapo. Inataka kuwaka muda mrefu kabla ya mteja wa kwanza, ili chuma chote kishike joto. Umeme ukikatika kwa dakika ishirini saa nne asubuhi, mwenye duka hapotezi dakika ishirini tu. Anapoteza pia muda wa kupasha mtambo upya, na wateja watatu waliotazama saa wakaondoka. Jenereta itasaidia, lakini ya kubeba mzigo huo si kile kijenereta cha kuchajia simu, na mafuta yake yataingia katika kila kikombe. Ndiyo maana anayepanga kwa akili hufanya kwanza hesabu ya vitu vidogo: taa, friji, kinu cha kusagia, umeme wa kuchajia simu za wateja na intaneti. Hivyo vyote vinaweza kubebwa na paneli chache za jua, betri na inveta. Maji ya moto yachemke kwa gesi, na gesi ikiadimika, kwa makaa.

Je, kahawa nzuri inaweza kutoka bila mashine? Inaweza, na hapa Kolwezi ina bahati ambayo haisemwi. Mji umekaa kwenye mwinuko wa karibu mita 1,450 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam akitengeneza kahawa ya kuchuja hushauriwa aondoe birika motoni, asubiri kidogo, ndipo amwage, kwani kahawa hupenda maji ya nyuzi 90 hadi 96. Mtu wa Dilala hana haja ya kusubiri wala ya kununua kipimajoto. Maji yakitokota, amwage.

Kazi yenyewe ni hii. Gramu 18 za kahawa iliyosagwa muda huohuo, unga wake unafanana na chumvi ya mawe iliyopondwa kiasi. Karatasi ya kuchujia imekwisha kusuuzwa kwa maji moto ili isitoe ladha ya karatasi. Maji kidogo ya kwanza, yanayotosha kulowesha unga tu. Hapo unga unafura na kutoa mapovu, maana kahawa iliyokaangwa karibuni imebeba hewa ndani yake. Baada ya nusu dakika, maji mengine yanamwagwa polepole kwa kuzungusha, hadi gramu 300. Dakika tatu zikipita kidogo, kikombe kipo. Kama unga haukufura kabisa, kahawa ni ya zamani, na mteja atalijua hilo kwa ulimi hata kama hajui sababu. Vyombo vinavyotakiwa ni mizani ndogo, kinu, birika na koni ya kuchujia. Bei yake yote ni sehemu ndogo tu ya bei ya ile mashine kwenye simu.

Kwenye pwani ya Waswahili jambo hili halihitaji kuelezwa. Muuza kahawa wa Mombasa au Unguja ametembea miaka na miaka na dele lake la shaba juu ya makaa, akigonganisha vikombe ili watu wajue anapita. Kahawa nyeusi, tangawizi ndani, kashata pembeni. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, watu wanakaa barazani jioni, wanakunywa, wanacheza bao na dhumna, wanabishana siasa mpaka usiku, na hapajawahi kutakiwa mtambo wa Milano ili mazungumzo yakolee. Anayefungua duka Dilala hana sababu ya kumwiga muuza kahawa huyo kwa kila kitu, ila amwangalie anavyoanza: anatafuta watu na mahali pao pa kukaa, vyombo baadaye.

Na watu wa Dilala wako wapi? Alfajiri ni ya chai. Kandokando ya barabara kina mama wamekwisha kuwasha mbabula, yaani jiko la makaa, sufuria inatokota, mandazi yamerundikwa kwenye beseni, maziwa ya unga yako kwenye kopo, na anayetaka kahawa hupewa ile ya pakiti ya kuyeyusha. Mteja anakunywa amesimama, analipa franka zake, anakimbilia basi la kampuni linalompeleka mgodini. Kushindana na mama huyo saa kumi na moja na nusu alfajiri ni kujitafutia hasara: bei yake huiwezi, na kasi yake huiwezi pia. Jioni nayo ina wenyewe. Simba na Tembo, bia za Lubumbashi, zimekwisha kushika viti vyote, na muziki uko juu.

Kilichobaki ni mchana, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na hapo pana kundi la watu ambao mji haujawapatia kiti. Yupo mwanasheria anayetaka kumsikiliza mteja bila ngoma kupigwa sikioni. Yupo mwenye malori anayengoja simu kutoka mpakani Kasumbalesa. Wapo wenye makampuni madogo ya kuhudumia migodi, ambao ofisi yao ni begi na kompyuta. Wapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kolwezi. Wapo waliotoka mbali kufuata saini katika ofisi za mkoa, maana tangu 2015 Kolwezi ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba, wakaambiwa warudi saa nane. Hao wananunua kiti, utulivu, umeme wa simu na choo safi. Kahawa ndiyo hati ya kukalia.

Basi lazima mwenye duka aamue mapema kitu kinachowaudhi wenye mikahawa duniani kote: mtu akae muda gani kwa kikombe kimoja? Kwa maoni ya mazungumzo haya, akae. Duka lenye watu ndani huita wengine, na chumba kitupu hufukuza. Ila awekewe kitu cha kumshawishi ifikapo saa sita: mayai, mkate wenye nyama, supu, hata sahani ya bukari (ugali) na samaki kama jiko linaruhusu. Nairobi ilishalijaribu hili. Mwaka 1999 Kevin Ashley na Jon Wagner walifungua Nairobi Java House ya kwanza pale Adams Arcade, barabara ya Ngong, katika nchi inayolima arabika ya sifa na kuiuza karibu yote nje, huku wananchi wake wakinywa chai. Ilianza kama duka la kahawa. Baadaye ikawa mahali pa kula kuanzia kiamsha kinywa hadi jioni, na kwa njia hiyo ikafika miji mingine ya Kenya na kuvuka mipaka. Kahawa iliwaleta watu mlangoni, nacho chakula kikasaidia kulipa pango.

Lakini Nairobi haiishi kwa kitu kimoja. Kolwezi inaishi kwa shaba na kobalti, na hilo hubadilisha hesabu yote ya biashara. Mwishoni mwa 2008 bei ya shaba ilianguka kutoka zaidi ya dola 8,000 kwa tani hadi karibu dola 3,000 katika miezi michache. Makampuni mengi madogo ya Katanga, mkoa ambao Kolwezi ilikuwa ndani yake wakati huo, yakafunga milango, na wafanyakazi wakabaki mitaani. Mwaka 2019 Glencore, kampuni ya Uswisi, ilitangaza kusimamisha mgodi wa Mutanda, mmoja wa migodi mikubwa ya kobalti duniani, na kufikia mwisho wa Novemba kazi ilikuwa imesimama. Ulirudi polepole kuanzia 2021. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ya Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ili kuinua bei, na katikati ya Oktoba ikaweka mfumo wa kugawa viwango kwa kila kampuni. Uamuzi unachukuliwa Uswisi au Kinshasa, na miezi michache baadaye yule mwenye kampuni ndogo aliyekuwa akinywa vikombe viwili kwa siku anakunywa kimoja, kisha anakuja kuomba maji.

Kwa hiyo fedha ya akiba si ya anasa. Mwenye duka akiwa na mtaji wa kutosha kununua mashine kubwa au kulipa pango la miezi sita duka likiwa halijapata faida, achague pango. Mashine haitamtetea mbele ya mwenye nyumba.

Tuje kwenye buni yenyewe, na hapa kuna hadithi ndefu. Robusta, kahawa ambayo leo imejaa katika pakiti za kuyeyusha dunia nzima, asili yake ni misitu ya Afrika, na Kongo ndiko ilikotoka njia yake ya kibiashara. Ilipitia kwa wauza mimea wa Brussels, ikapelekwa Java mwaka 1901, ambako arabika ilikuwa imeuawa na ugonjwa wa kutu ya majani. Wabelgiji wakaiendeleza katika kituo cha utafiti cha Yangambi, kando ya mto Kongo. Miaka ya 1980 nchi, ikiitwa Zaire, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Kisha ukaja ugonjwa wa kunyauka uliokausha mibuni ya kaskazini-mashariki, zikaja vita, barabara zikafa, na mauzo yakaporomoka hadi sehemu ndogo ya yale ya zamani. Mwananchi wa nchi hiyohiyo leo ananunua dukani kahawa ya kopo iliyotoka ng'ambo.

Arabika nzuri ya Kongo iko Kivu na Ituri, mashariki mwa nchi. Kwenye ziwa Kivu, wakulima kwa miaka mingi walivusha buni usiku kwa mitumbwi hadi Rwanda ili wapate fedha au sabuni na chumvi, na wengi walizama. Ushirika wa SOPACDI, ulioanzishwa na Joachim Munganga huko Kalehe mwaka 2003, ulijenga vituo vya kuoshea kahawa na kutafuta soko la moja kwa moja, mpaka kahawa hiyo ikafika madukani Uingereza. Kisiwani Idjwi, Marcelline Budza alianzisha mwaka 2013 shirika la Rebuild Women's Hope, linalokusanya wanawake wakulima, na kahawa yao ilinunuliwa na Starbucks ya Seattle, Marekani. Ajabu ni kwamba gunia la Idjwi hupata njia ya kwenda Seattle kwa urahisi kuliko ya kwenda Kolwezi.

Si mzaha. Kutoka Bukavu, mji wa kando ya ziwa Kivu, buni inaweza kushuka hadi ziwa Tanganyika, ikapanda boti hadi Kalemie, kisha ikangoja treni ya SNCC, shirika la reli, ambayo haijulikani itakuja lini. Au itoke nje ya nchi, ipite Rwanda na Tanzania, ikate Zambia, irudi Kongo kwa Kasumbalesa, na hapo kahawa ya Kongo ithibitishe kwa karatasi kwamba ni ya Kongo. Au ipande ndege. Waasi wa M23 walipoiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, viwanja vya ndege vya miji hiyo, Goma na Kavumu, vilifungwa, na benki pia. Anayejenga duka lake juu ya buni ya Kivu peke yake ajue anategemea nini. Zambia ni jirani. Upande wa Kasama kuna mashamba ya arabika, na malori ya vyakula kutoka Zambia yanaingia Katanga kila siku. Kuwa na njia ya pili si usaliti kwa taifa. Kivu ikipatikana, iandikwe ubaoni kwa herufi kubwa. Isipopatikana, duka lisifungwe.

Habari njema ni kwamba duka dogo halihitaji buni nyingi. Tuchukulie vikombe 60 kwa siku, gramu 18 kila kimoja: ni gramu 1,080, kilo moja na kidogo. Buni ikikaangwa hupoteza asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, kwa hiyo gunia la kilo 60 linatoa kilo 49 hivi. Hizo ni siku 45 za kazi, karibu miezi miwili kwa mwenye kupumzika Jumapili. Ukiambiwa hivyo, unaona kwamba gharama ya kusafirisha gunia moja, hata ikiwa kubwa, hugawanyika katika vikombe 2,700. Pango, mishahara na umeme ndivyo vinavyouma zaidi.

Na inunuliwe mbichi. Buni mbichi, ikikauka vizuri na kuwekwa mbali na unyevu, huvumilia miezi mingi. Iliyokaangwa huanza kuchoka baada ya wiki chache. Kule Moshi, chama cha ushirika cha KNCU, chenye mizizi tangu enzi za Wachagga kuunda umoja wao wa kahawa mwaka 1925, kina mkahawa wake ndani ya jengo lake la zamani, na kahawa inakaangwa palepale. Harufu inashuka barabarani na kufanya kazi ya tangazo. Dilala hakuna anayezuia hilo. Kikaangio kidogo cha gesi cha kilo moja, au kwa kuanzia sufuria nzito ya chuma juu ya mbabula na mkono usiochoka kukoroga, saa tisa alasiri wakati watu wanatoka kazini. Majaribio ya mwanzo yataungua, lakini ni afadhali yaungue kabla ya kufungua.

Kahawa ya Maziwa Makuu ina hila moja ya kufahamu. Kuna mdudu wa antestia anayetoboa tunda la kahawa, na punje chache zilizoathirika hutoka na harufu ya viazi vibichi. Kwa macho hazionekani. Punje moja inatosha kuharibu kikombe kizima, huku cha pembeni kutoka gunia lilelile kikiwa safi. Dawa yake dukani ni pua: mhudumu anasaga kipimo cha kikombe kimoja tu, anakisogeza usoni, ananusa. Kikinuka kiazi, anakitupa na kusaga kingine, na mteja hajui kilichotokea. Mhudumu asiyefundishwa hili atamwaga maji, na mteja ataondoka akisema kahawa ya Kongo ni mbaya.

Maji nayo yana lao. Miamba inayobeba shaba ya Kolwezi ni ya dolomaiti, na maji yanayopita humo huchukua chokaa. Kila nyumba inaujua ule ukoko mweupe ndani ya birika. Ndani ya mashine ya espreso ukoko huo huziba mirija myembamba kuliko unyasi na kupunguza joto, na fundi wa kuifungua huenda akatoka Lubumbashi, mwendo wa kilomita 300 hivi. Kichujio cha maji kinunuliwe kabla ya mtambo, na tangi liwepo, maana bomba la REGIDESO, shirika la maji, halifuati ratiba ya mtu. Inachekesha kidogo kwamba mashine nyingi za aina hiyo zina matumbo ya shaba: huenda shaba hiyo ilitoka hapahapa, ikazunguka dunia, ikarudi kuuawa na mwamba uleule ulioizaa.

Makaratasi tuyapite upesi. Tangu 2013 kuna Guichet Unique, dirisha moja la kuandikishia kampuni, linalotoa namba ya usajili wa biashara (RCCM), kitambulisho cha taifa cha biashara na namba ya kodi. Kongo iliingia katika sheria za pamoja za biashara za OHADA mwaka 2012, na mtu mmoja anaweza kuandikisha duka kwa jina lake bila kuunda kampuni. Akiajiri, kuna CNSS ya hifadhi ya jamii, INPP ya mafunzo ya kazi na ONEM ya ajira. Baada ya hapo wanaanza kuja wageni wenye mikoba: wa usafi, wa zimamoto, wa mazingira, wa ubao wa tangazo, wa komini. Wengine wana haki, wengine wanabahatisha. Faili moja yenye nakala za kila risiti, iliyowekwa chini ya kaunta, humaliza mazungumzo mengi kabla hayajafika kwenye soda.

Karatasi hizo zina faida nyingine ambayo wenye maduka wadogo huisahau. Sheria ya Februari 2017 ya kazi za kandarasi ndogo inawataka wenye migodi na makampuni makubwa wawape kazi hizo wenye makampuni ambayo mtaji wake mwingi ni wa Wakongomani. Mikutano ya ofisini inahitaji vinywaji na vitafunio. Mkahawa ulioandikishwa vizuri unaweza kupeleka chupa za kahawa na sinia za mandazi kwenye semina ya watu 40, na oda moja kama hiyo kwa wiki inafidia mvua iliyowazuia watu siku mbili. Tatizo ni malipo: makampuni hulipa baada ya siku 30, 60, au pale mhasibu atakaporudi likizo. Oda ya pili isipelekwe kabla ya kwanza kulipwa.

Kuhusu mahali, vumbi ndilo la kuogopa kuliko umbali. Kiangazi malori ya madini yanainua wingu jekundu linaloingia kwenye vikombe, kwenye kinu na kwenye mapafu ya mhudumu. Chumba cha barabara ya pili, chenye kibaraza na mti, ni bora kuliko cha barabara kuu chenye madirisha ya kufungwa mchana kutwa. Mwenye nyumba atadai garanti ya miezi kadhaa mkononi kwa dola. Mkataba uandikwe, na ndani yake isemwe wazi nani anatengeneza paa na nani anamiliki tangi la maji siku mpangaji akihama.

Maziwa, kwa kuwa kapuchino itaulizwa tu, yatakuwa ya unga au ya boksi. Ya unga yakorogwe usiku na kulazwa kwenye friji; yakipoa vizuri hupata povu la kuridhisha hata kwa kipigio cha mkono, mradi yasipashwe kupita nyuzi 65. Bei ziandikwe kwa franka, na ziwe chache: kahawa nyeusi, kahawa ya maziwa, kahawa ya tangawizi, chai. Naam, chai iwepo. Mchina wa mgodini ataomba maji moto ya majani yake mwenyewe, na apewe kwa bei ndogo.

Kilichobaki ni mwezi wa kufungua. Mvua za Kolwezi zinaanza karibu Oktoba na kuendelea mpaka Aprili, na barabara za mitaa huwa tope. Mei hadi Agosti ni kiangazi chenye baridi ya kweli. Asubuhi za Juni watu hutembea na makoti wakisugua mikono. Anayetaka kufungua Mei awe na gunia lake la kwanza ndani kufikia Machi, aajiri watu wawili Aprili, na wiki mbili za mwisho auze kwa majirani kwa nusu bei huku akihesabu ni vikombe vingapi vimerudi vikiwa nusu. Vikiwa vingi, abadilishe ukaangaji au usagaji kabla hajachapisha ubao. Habari ya mashine inaweza kujadiliwa Desemba, daftari la mauzo likiwa mezani na bili ya umeme ya SNEL pembeni yake.